Simu Imechoka au Imechoshwa? Kutafuta Chanzo cha Usumbufu wa Vifaa vya Kila Siku

Hapa Dar es Salaam simu ikianza kusumbua tunasema "imechoka". Tukishalitamka neno hilo tunaelekea Kariakoo, mtaa wa Aggrey, au kwa mafundi wa Makumbusho, tukiwa tumekwisha kubali kwamba kosa ni la umri wa kifaa au la uzembe wetu wenyewe. Mwongozo huu unaanzia mahali pengine. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia ndugu na majirani kutafuta chanzo cha matatizo ya simu, chaja na runinga zao, na nimeona kwamba usumbufu mwingi hutokana na mambo matatu yanayochanganyika: mazingira yetu ya joto, vumbi na hewa ya chumvi, uchakavu wa kawaida, na maamuzi ya watengenezaji walioacha kuyashughulikia matatizo tuliyo nayo, wakaelekeza nguvu zao kwenye mambo yanayopendeza katika tangazo. Anayekosea chanzo hulipia matengenezo ya kitu kilichokuwa kizima.

Kabla ya kugusa chochote, jibu maswali matatu. Je, tatizo hutokea wakati wote, au hutokea saa fulani na mahali fulani? Je, lilianza baada ya tukio, kama vile kuanguka, kulowana, kubadilisha chaja au kupokea masasisho ya programu? Na je, kifaa kingine kikiwekwa mahali hapohapo, kwa waya uleule au laini ileile, nacho kinasumbua? Swali la tatu lina nguvu kuliko mengine, kwa sababu linaweza kuiondolea simu lawama ndani ya dakika mbili bila gharama yoyote. Jaribu kwanza yasiyogharimu kitu, kisha ya bei ndogo, na kifaa kifunguliwe mwishoni kabisa.

Chaji haifiki jioni

Hili ndilo lalamiko ninaloletewa mara nyingi zaidi. Jambo la kwanza ni kuchunguza namna chaji inavyoshuka, kwa maana kuna kushuka kwa namna tatu, na kila namna ina habari yake.

Ikiwa chaji huisha haraka ukiwa kazini tu, na siku ya Jumapili nyumbani inakaa vizuri, betri haina kosa. Simu iliyo mbali na mnara, au iliyo ndani ya jengo nene la zege, huongeza nguvu ya kurusha mawimbi ili isikike, na nguvu hiyo hutoka kwenye betri. Wenye maduka ya vyumba vya ndani kule Kariakoo na wanaofanya kazi katikati ya maghorofa ya Posta wanalijua jambo hili bila kulipa jina: simu inakuwa ya moto mfukoni hata kama hawajaigusa. Iweke katika hali ya ndege kwa saa moja ukiwa mahali hapo, kisha linganisha na saa moja ya kawaida. Tofauti ikiwa kubwa, tatizo ni mtandao. Kama simu yako ina 5G lakini eneo lako linaipata kwa kubahatisha, iache kwenye 4G, na laini ya pili usiyoitumia mchana izime, kwa sababu kila laini hutafuta mnara wake.

Ikiwa chaji hushuka taratibu mahali popote, fungua sehemu ya betri katika mipangilio uone ni programu gani inayokula zaidi. Mara nyingi utakuta kioo chenyewe ndicho kinachoongoza, kwa kuwa katika jua letu simu hujiongezea mwanga hadi kikomo, na mtu akiizoea hali hiyo huiacha hivyo hata anapoingia ndani.

Lakini ikiwa simu inaonyesha asilimia 30 kisha inazima ghafla, au inaruka kutoka 45 hadi 12 ukifungua kamera, hapo betri imechakaa kweli. Betri za lithiamu-ioni, ambazo Sony ilianza kuziuza mwaka 1991, hupoteza uwezo kila zinapojazwa na kutumika. Kwa simu nyingi za miaka iliyopita kipimo kilichozoeleka ni kwamba baada ya mizunguko kamili ipatayo 500, yaani kujaa na kuisha mara 500, betri hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake wa mwanzo, na mtu anayemaliza chaji nzima kila siku huifikia idadi hiyo kabla ya mwaka mmoja na nusu. Betri iliyochakaa huweza kuonyesha asilimia nyingi ikiwa imetulia, lakini ikidaiwa umeme mwingi kwa mara moja hushindwa, na simu huzima ili kujikinga.

Joto huharakisha uchakavu huo, na hapa ndipo mazingira yetu yanapoingia. Apple, kwa mfano, inashauri simu zake zitumike mahali penye joto lisilozidi nyuzi 35. Kati ya Desemba na Machi kivuli chetu peke yake hupita nyuzi 30. Sasa mfikirie dereva wa bodaboda aliyeifunga simu kwenye usukani, jua la saa saba likiipiga usoni, ramani ikiwa wazi, kioo kikiwa kwenye mwanga wa mwisho, na waya wa chaji ukiwa umechomekwa. Mambo yote manne yanazalisha joto kwa pamoja, tena betri ikiwa imejaa, na hali mbaya kuliko zote kwa lithiamu ni kujaa na kuwa ya moto kwa wakati mmoja. Dereva huyo hakuiharibu simu yake kwa uzembe, kwa maana aliitumia kwa kazi aliyouziwa. Anachoweza kufanya ni kuiwekea kivuli kidogo juu, kuvua kava nene wakati wa kazi, kuchaji kwa vipindi anapokuwa kijiweni badala ya kuiacha kwenye waya siku nzima, na kuwasha kikomo cha asilimia 80 kama simu yake inacho.

Betri ikichakaa, simu yenyewe inaweza pia kuwa nzito, na wengi hawayaunganishi mambo hayo mawili. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa inapunguza kasi ya baadhi ya simu zenye betri kuukuu ili zisizime ghafla. Sababu ya kiufundi ilikuwa na mantiki. Kosa lilikuwa kutowaambia wenye simu, ambao wengi wao huenda walinunua simu mpya wakati betri mpya ingetosha. Baada ya kelele za wateja kampuni ilishusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na mwaka 2020 ilikubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi nchini Marekani. Ninalikumbusha jambo hilo kwa sababu linafundisha kipimo muhimu: kabla ya kusema kwamba simu nzito inahitaji mrithi, pima betri yake.

Zamani kipimo hicho kilikuwa rahisi. Tulifungua mfuniko kwa ukucha, tukatoa betri, tukaweka ya jirani, na jibu likapatikana papo hapo. Leo betri imegandishwa kwa gundi nyuma ya kioo, na kazi ya nusu dakika imekuwa kazi ya fundi mwenye mashine ya joto. Tunaambiwa kwamba ni kwa ajili ya wembamba na kuzuia maji, lakini saa za mkononi na tochi za wavuvi huzuia maji na betri zake hubadilishwa. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria inayotaka, kuanzia 18 Februari 2027, betri za vifaa vya kubebeka ziweze kwa ujumla kuondolewa na mtumiaji mwenyewe, ingawa ina misamaha yake. Natumaini matokeo yake yatafika hadi kwenye makabati ya vioo ya Aggrey.

Ukibadilisha betri, ijaribu mbele ya fundi kwa kufungua kamera na kupiga video kwa dakika tano. Betri ya kopi huonekana nzima hadi inapodaiwa kazi. Na ikiwa ya zamani imevimba, ukiona kioo kinainuka upande mmoja au simu haitulii mezani, acha kuichaji, usiibonyeze, usiitoboe, na ipeleke ikaondolewe siku hiyohiyo.

Kuna swali linaloambatana na hili: kwa nini powabenki iliyoandikwa mAh 20,000 haijazi simu yenye betri ya mAh 5,000 mara nne? Si lazima iwe feki. Namba hiyo hupimwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, wakati umeme hutoka nje kwa volti 5, hivyo 20,000 huwa takriban 14,800, na kiasi kingine hupotea kama joto. Simu itajaa mara mbili na ushee. Ikijaa chini ya mara moja na nusu ndipo urudi kwa muuzaji.

Imechomekwa lakini chaji haiingii

Anza na tundu la simu. Izime, mulika kwa tochi, na utoe vumbi na nyuzi za mfukoni kwa kijiti cha meno. Usitumie sindano wala pini ya kutolea laini, kwa sababu chuma kinaweza kuunganisha nguzo zisizotakiwa kugusana. Vumbi letu likichanganyika na unyevu hugandamana chini ya tundu kama udongo, na waya wa taipu C hubaki nje kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni. Nimeshuhudia simu nyingi zilizokuwa zimeandikiwa "kubadilisha sistimu chaji", yaani tundu la chaji na kibao chake, zikipona kwa kijiti.

Halafu jaribu waya mwingine. Shangazi yangu anayeishi Mbagala alibadilishiwa sistimu chaji mara mbili, kwa mafundi wawili tofauti, kabla hajaniita. Nilimwomba, "Shangazi, tujaribu kwanza waya wa jirani," na simu ikapokea chaji palepale. Mafundi wote wawili walikuwa wakiijaribu kwa waya wao, inakubali, wanamkabidhi, naye anarudi nyumbani kuichomeka kwenye waya wake mbovu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba anayekwenda kwa fundi abebe chaja na waya anaoutumia kila siku.

Baada ya waya, itazame soketi. Soketi zetu zina matundu matatu ya pembe, na chaja nyingi zinazouzwa mitaani zina miguu miwili ya duara. Tumezoea kuchokonoa tundu la juu kwa kalamu ili matundu ya chini yafunguke, kisha tunaisukuma chaja kwa nguvu. Tundu la juu ni la waya wa ardhi, na kifuniko kinachofunguka kwa mguu wake kimewekwa ili mtoto asiingize kitu. Miguu ya duara hutanua vibano vya ndani ya soketi, na baada ya muda hata chaja sahihi hukaa kwa kulegea, ikitoa cheche na kupata moto. Ukiona chaji inakuja na kukatika kila gari zito linapopita barabarani, tatizo linaweza kuwa limo ukutani. Nunua kiunganishi cha miguu mitatu, nacho hakina bei kubwa.

Umeme mdogo wa jioni, ambao hulaumiwa sana, mara nyingi hauhusiki. Soma maandishi madogo yaliyo juu ya chaja yako: nyingi zimeandikwa kwamba hupokea volti 100 hadi 240, maana yake hata umeme wa nyumba ukishuka kutoka 230 hadi 180 chaja nzuri haitajali. Friji ndiyo inayoumia, na ndiyo inayohitaji kifaa cha kuilinda. Chaja huumia kwa namna nyingine, pale umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Chomoa unapokatika, subiri dakika chache urudi na kutulia, kisha chomeka.

Kama chaji inaingia lakini polepole, jua kwamba kasi ni makubaliano kati ya chaja, waya na simu. Chaja iliyoandikwa wati 33 ya kampuni moja huweza kushuka hadi wati 10 ikiunganishwa na simu ya kampuni nyingine, kwa sababu kila kampuni ilibuni lugha yake ya kuchaji kwa haraka. Mlango wa taipu C umekuwa mmoja, na Umoja wa Ulaya umeulazimisha kwa simu mpya tangu 28 Desemba 2024, lakini umoja wa mlango haujaleta umoja wa kasi. Juu ya hayo, tangu Oktoba 2020, iPhone 12 ilipotoka bila chaja ndani ya boksi na kampuni nyingine zikafuata, mteja wa simu nyingi za bei ya juu hununua simu kisha anaingia mtaani kutafuta chaja. Sababu iliyotolewa ilikuwa mazingira. Katika jiji ambalo chaja za kopi zinauzwa kwenye kila kituo cha daladala, ninavyoona mimi uamuzi huo ulihamisha hatari kutoka kwa mtengenezaji hadi kwa mnunuzi.

Simu iliyolowa ni habari nyingine. Izime, usiichaji, ifute, iache tundu likiangalia chini mahali penye upepo kwa saa kadhaa. Mchele hausaidii, na punje zake pamoja na unga huingia ndani ya tundu. Iliyoingia maji ya bahari, kule Coco au Kigamboni, isisubiri kukauka: chumvi hubaki na huanza kula chuma, hivyo ipelekwe kwa fundi ikasafishwe haraka.

Memori imejaa wakati sijaweka kitu

Mwenye simu husema kweli, hakuweka kitu. Walioweka ni makundi ya WhatsApp. Kundi la kamati ya harusi, la msiba, la mtaa, la wazazi wa shule na la vikoba, kila moja likituma video ileile ya salamu za asubuhi, hujaza nafasi bila mwenye simu kupakua kwa hiari yake, kwa kuwa programu imepangwa tangu mwanzo ipakue picha yenyewe. Zima upakuaji wa moja kwa moja katika mipangilio ya WhatsApp, kisha fungua sehemu ya kusimamia hifadhi uone mafaili makubwa na kundi yalikotoka. Mara nyingi GB kadhaa hurudi kwa kazi ya dakika kumi.

Hifadhi iliyojaa haizuii tu picha mpya, bali huifanya simu nzima iwe nzito. Kumbukumbu za flash, ambazo ndizo hifadhi ya simu, haziandiki juu ya data ya zamani moja kwa moja. Lazima kwanza zifute eneo, na zikikosa nafasi ya kuhamishia mambo huhangaika kila unapofungua programu. Acha walau sehemu moja ya kumi ikiwa tupu. Katika simu za bei nafuu uzito huo huonekana zaidi, kwa sababu wengi wa watengenezaji wake hutumia hifadhi za aina ya polepole, jambo ambalo haliandikwi kwenye boksi.

Kinachoandikwa kwenye boksi ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizofunguliwa hufanyia kazi, na hapo mnunuzi awe makini. Utaona "8GB" kwa herufi kubwa na "4+4" kwa herufi ndogo. RAM halisi ni nne; nne nyingine ni kipande cha hifadhi kinachotumiwa kana kwamba ni RAM, na kwa kuwa hifadhi ni ya polepole kuliko RAM, mchango wake ni mdogo. Zaidi ya hapo, kipande hicho kimekatwa kwenye nafasi yako ya picha. Kama simu yako ina 32GB na inaganda, nenda kwenye mipangilio uizime nyongeza hiyo, uanzishe simu upya, na utumie siku mbili kupima tofauti.

Kadi ya memori husaidia picha na muziki, haisaidii programu nzito. Kadi inayodai GB 512 kwa bei ya soda mbili huwa imedanganywa namba yake: huonyesha nafasi kubwa, huendelea kupokea mafaili, kisha ya mwanzo yanaharibika bila taarifa. Jaza kadi mpya mafaili mengi, ondoa, rudisha, na ufungue ya kwanza na ya mwisho, kabla hujaikabidhi picha za ubatizo au za nikaha.

Bando linayeyuka

Video ya kasi ya megabiti moja tu kwa sekunde hula MB 450 kwa saa, na video safi hula mara kadhaa ya hiyo. Programu nyingi za mitandao ya kijamii huanzisha video inayofuata bila kuombwa, hivyo dakika kumi za kusubiri mwendokasi pale Kimara zinaweza kumaliza kifurushi cha siku. Washa kiokoa data cha simu, zima uchezaji wa video wa moja kwa moja ndani ya kila programu, weka masasisho na nakala rudufu za picha zisubiri Wi-Fi. Tatizo la msingi ni kwamba mipangilio hii huja ikiwa imewashwa, kwa makadirio ya mtu mwenye intaneti isiyo na kikomo nyumbani, na kuizima kumeachwa kuwe kazi ya kila mteja anayenunua bando kwa siku.

Ikiwa bando lipo lakini hakuna kinachofunguka, jaribu laini ya kampuni nyingine kabla ya kuilaumu simu. Zote zikiwa nzito, chanzo kinaweza kuwa mbali. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom, zinazotuletea intaneti, zilikatika, na watu wengi wa jiji hili waliwasha na kuzima simu zao siku nzima bure.

Runinga inasumbua

Dar es Salaam ilizima matangazo ya analojia 31 Desemba 2012, na tangu hapo chumba cha mgeni kimekuwa na rimoti mbili au tatu. Picha ikiganda kwa vipande, kagua kwanza kiunganishi cha waya wa antena au dishi, hasa kwa wakazi wa Msasani, Kunduchi na Kigamboni, ambako hewa ya chumvi huotesha kutu ya kijani kwenye shaba. Runinga janja iliyokuwa nyepesi na sasa inachukua dakika nzima kufungua programu kwa kawaida haijaharibika. Kichakataji chake kilikuwa dhaifu tangu dukani, na programu zimekua. Usinunue runinga mpya kwa sababu hiyo. Zima sehemu yake ya intaneti, itumie kama kioo, na uunganishe kisanduku kidogo cha nje ambacho kinaweza kubadilishwa peke yake.

Nimenunua mpya, tatizo ni lilelile

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu anayelileta amekwisha kutumia fedha. Kama tatizo lilikuwa mtandao wa jengo, soketi iliyolegea, makundi ya WhatsApp au joto la usukani, simu mpya hulirithi. Kwa upande mwingine, kilichobadilika kati ya simu ya miaka mitatu iliyopita na ya sasa ni kidogo kuliko bei inavyodai: kamera ya nne nyuma, rangi nyingine, kioo kinachoteleza vizuri zaidi. Katika kipindi hicho hicho vitu vya manufaa viliondolewa. Tundu la hedifoni, ambalo iPhone 7 iliacha kuwa nalo mwaka 2016, limeendelea kupotea katika simu za kampuni nyingi, na sasa mwanafunzi anayesikiliza mihadhara akiwa anachaji simu analazimika kununua kifaa cha ziada.

Ubunifu uliobadilisha maisha yetu haukuja kwa umbo la kioo. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008 ilifanya kazi kwenye kitochi cha batani, na kuanzia 2014, mitandao ilipoanza kuunganishwa, mtu aliweza kutuma pesa kutoka mtandao mmoja hadi mwingine bila kubadilisha simu. Simu za laini mbili zilitambua kwamba mtu wa hapa anatembea na laini zaidi ya moja. Hata mita za umeme za LUKU zimetupa mfano: mfumo wake wa tokeni ulihesabu dakika tangu 1 Januari 1993 kwa nafasi yenye kikomo, na hesabu hiyo ingejaa 24 Novemba 2024. Suluhisho lilikuwa kuingiza tokeni maalumu za tarakimu 20, na mita nyingi zikaendelea na kazi. Kifaa cha ukutani chenye vitufe vya namba kiliweza kuhuishwa namna hiyo, wakati simu yenye nguvu mara elfu huachwa bila masasisho baada ya miaka michache. Kwa hiyo ukinunua, uliza kwanza miaka ya masasisho. Google kwa Pixel 8 mwaka 2023 na Samsung kwa Galaxy S24 mwaka 2024 ziliahidi miaka saba. Muuzaji wa simu ya bei ndogo asipoweza kutaja hata miwili, hesabu hilo kwenye bei.

Kabla ya kulipa, bonyeza *#06#, linganisha tarakimu 15 za IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na zile za kwenye boksi, na uzitume kwa ujumbe kwenda 15090 uone kama jina la simu linalorudi ndilo unaloliona mkononi. Tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia Juni 2016, hakuna sababu ya kuuziwa feki kwa kukosa dakika moja. Omba pia kuchomeka chaja dukani, kupiga simu kwa laini yako, na kushika simu kwa dakika kumi ikiwa na video wazi ili uone inapata moto kiasi gani.

Inapobidi kwenda kwa fundi

Fanya nakala ya picha na namba zako kwanza, na uondoe laini. Mweleze fundi dalili, usimtajie ugonjwa; ukisema "badilisha betri" atabadilisha betri, lakini ukisema "inazima ikifika 30 nikifungua kamera, na ilianza baada ya kuanguka wiki jana" atalazimika kutafuta. Mpe waya na chaja yako. Kaa pale anapofungua ikiwa inawezekana, muulize bei ya kipuri na bei ya kazi kila moja peke yake, na kipuri kilichotolewa akukabidhi, isipokuwa betri iliyovimba, ambayo ni salama zaidi ibaki kwake. Ukifika nyumbani ichomeke kwenye soketi yako uliyoizoea, usiku huohuo, wakati fundi bado anaikumbuka kazi aliyoifanya.